Merikebu ya pili, na wale waliotangulia

Umeme ulikatika tangu magharibi. Tulikaa barazani, taa ya kuchaji katikati yetu, binti wa kaka yangu akichambua mchele kwenye ungo, mimi nikimsimulia habari za Mytilene, mji wa Wagiriki wa kale, kama nilivyozoea kuzisimulia. Ana miaka 15 na anapenda hadithi zenye meli.

Nilipofika pale merikebu ya pili inapoingia bandarini na amri ya kuua ikafutwa, nikanyamaza kidogo, kama nifanyavyo siku zote, ili msikilizaji ashushe pumzi.

Hakushusha pumzi. Kidole chake kilisimama juu ya punje nyeusi.

"Shangazi, na wale waliokuwa wameshapelekwa Athens?"

Nikamwambia wale ni wengine, wale walikuwa vinara wa uasi.

"Sawa. Walifanywaje?"

Nikamjibu kwamba waliuawa. Akasema "aa," akaitupa ile punje kwenye maua, akaendelea. Umeme ukarudi, akakimbilia kuweka simu kwenye chaji. Nikabaki na ungo mapajani.

Leo ni wiki ya sita, na swali lile bado liko pale pale barazani.

Hadithi kama nilivyoizoea

Nimefundisha Historia na Uraia kwa miaka 14. Kila nilipofika kwenye mada ya demokrasia, niliweka kitabu pembeni na kuwasimulia wanafunzi kuhusu Mytilene. Nimeisimulia kwenye semina za vijana, nimeisimulia usiku kwenye matanga. Ilikuwa dawa yangu kwa mtu yeyote aliyeniambia kwamba kundi la watu likishakosea halirudi nyuma.

Kwa ufupi inakwenda hivi. Mwaka 428 KK, katika mwaka wa nne wa vita kati ya Athens na Sparta, mji wa Mytilene katika kisiwa cha Lesbos uliasi. Haukuwa mji mnyonge. Washirika wengi wa Athens walikuwa wamekwisha kugeuzwa walipa kodi, lakini Mytilene ilibaki na merikebu zake na kuta zake. Ndiyo sababu uasi wake uliuma kuliko wa mwingine. Nao watu wa Athens walikuwa tayari wameumia: tauni iliingia mjini mwao mwaka 430, na mwaka uliofuata Pericles mwenyewe, kiongozi wao mkuu, akafa.

Walimtuma jemadari Paches na askari 1,000. Mji ukazungushiwa ukuta upande wa bara, upande wa bahari ukafungwa na merikebu. Sparta iliahidi msaada, msaada ukachelewa njiani. Chakula kikaisha. Salaethus, Msparta aliyekuwa amepenya mjini kupitia korongo, akaamua kuwagawia watu wa kawaida silaha nzito ili watoke wakapigane. Wale watu, baada ya kushika silaha nzito kwa mara ya kwanza, wakagoma. Wakawaambia wakubwa watoe chakula walichoficha na kigawiwe kwa wote, la sivyo watapatana na Athens wao wenyewe.

Wakubwa wakaogopa kuachwa nje ya mapatano, wakasalimu amri. Sharti lilikuwa kwamba hatima yao ingeamuliwa Athens, na kabla ya hapo Paches asimfunge, asimuuze wala asimuue mtu.

Huko Athens, mwaka 427, raia walikutana wakiwa wamewaka. Wakapiga kura kwamba wanaume wote wa Mytilene waliokwisha balehe wauawe, wanawake na watoto wauzwe utumwani. Merikebu ikaondoka siku ile ile na amri hiyo.

Kulipokucha, watu wakaamka na kitu kingine kifuani. Thucydides, ambaye ndiye aliyetuachia habari hizi, anasema majuto yaliwaingia mara moja. Waliona ni ukatili kuangamiza mji mzima badala ya wenye kosa. Mkutano ukaitishwa tena. Cleon, aliyeileta hoja ya jana, akasimama kuitetea. Diodotus akasimama kuipinga. Mikono ilipoinuliwa ilikaribia kulingana, na Diodotus akashinda kwa kidogo sana.

Wakatuma merikebu ya pili.

Unga wa shayiri

Hapa ndipo nilipokuwa nikikaa muda mrefu, na nitakaa tena, kwa sababu bado napapenda.

Merikebu ya vita ya wakati ule ilikuwa na wapiga makasia 170 waliokaa kwa safu tatu, moja juu ya nyingine, kila mtu na kasia lake. Ilikuwa nyembamba, nyepesi, haina mahali pa kupikia wala pa kulala. Kwa kawaida mabaharia waliivuta pwani, wakashuka, wakala, wakalala, ndipo wakaendelea. Kutoka Athens hadi Mytilene ni zaidi ya kilomita 300 za bahari, na merikebu ya kwanza ilikuwa imetangulia kwa mchana na usiku.

Wajumbe wa Mytilene waliokuwa Athens waliwanunulia mabaharia mvinyo na unga wa shayiri, wakawaahidi zawadi kubwa wakiwahi. Basi wakala wakiwa wanapiga makasia. Unga ulikandwa kwa mvinyo na mafuta ya zeituni, chakula kisichohitaji moto, tonge la mkononi. Walilala kwa zamu, wengine wakivuta makasia, wengine wakiwa wamejiegemeza pale pale kwenye jasho la wenzao. Upepo wa mbele haukuwapata.

Na merikebu ya kwanza haikuwa na haraka. Thucydides anasema wazi kwamba ilikwenda polepole kwa sababu shughuli iliyotumwa ilikuwa ya kuchukiza.

Nimewafikiria wale wa kwanza kuliko wa pili. Hawakuahidiwa zawadi. Hawakuwa na njia ya kujua kwamba nyuma yao kuna wenzao wanaokula wakipiga makasia. Walipewa amri wakaitii, lakini kwa mikono mizito. Ningekuwa na uwezo wa kuwajengea sanamu watu wa vita ile, ningeanza na hao.

Walifika mapema kidogo tu. Paches alikuwa amekwisha kuisoma amri na anajiandaa kuitekeleza, ndipo merikebu ya pili ikaingia.

Hapo nilikuwa nanyamaza.

Sentensi niliyoiruka

Baada ya ule usiku wa giza nilikichukua kitabu cha Thucydides rafuni. Nakala yangu ni ya zamani, imetoka jalada, na mahali hapo pana mstari wa penseli pembeni kutoka kwenye mkutano mpaka kwenye merikebu. Mstari wangu unaishia kwenye merikebu.

Sentensi inayofuata inasema wale wengine, aliowapeleka Paches kama wenye hatia zaidi, watu wa Athens waliwaua kwa hoja ya Cleon. Walikuwa zaidi kidogo ya 1,000.

Elfu moja.

Nilikuwa nimeisoma. Bila shaka nilikuwa nimeisoma, haiwezekani niifikie merikebu nisiione sentensi inayoigusa. Ila sikuwahi kuisimulia. Katika miaka 14 sikuwahi kuwatajia watoto wa watu kwamba katika hadithi yangu ya rehema waliuawa watu elfu na ushei.

Kilima cha Pnyx, walipokutania raia wa Athens, kinakadiriwa kuwa kilibeba watu kama 6,000. Mkutano ukijaa, ni kama kwa kila watu sita waliokaa pale kulikuwa na mtu mmoja wa kufa. Nilijaribu kuwapanga akilini, nikapata shule yetu nzima ikiwa mstarini asubuhi, kidato cha kwanza hadi cha nne, na bado nikahitaji wengine.

Thelathini

Kuna jambo nililifanya wiki ya pili ambalo lazima niliseme.

Nilitafuta njia ya kutoka. Nikagundua kwamba wapo wanazuoni walioona idadi hiyo ni kubwa mno, wakapendekeza kwamba mnakili wa zamani alikosea: kwa tarakimu za Kigiriki, herufi ya 30 na herufi ya 1,000 zinakaribiana sura, mstari mmoja tu wa kalamu kati yao. Yaani huenda waliouawa walikuwa 30 na kidogo.

Nilijisikia kupumua. Nilikuwa jikoni, maji ya chai yanachemka, nikasema kwa sauti, "Afadhali."

Kisha nikasimama na lile neno mdomoni. Afadhali kwa nani? Watu 30 ni darasa. Nilichokuwa nakitaka ni hadithi yangu irudi salama, na nilikuwa tayari kuwapunguza maiti kwa mstari wa kalamu ili irudi. Nakala za mkono tulizonazo zinasema 1,000, na wanahistoria wengi wanaiacha ilivyo. Nami nikaiacha.

Kwa utulivu

Wiki ya tatu nilirudi kwa Diodotus.

Huyu mtu hajulikani popote pengine. Thucydides anatupa jina la baba yake, Eucrates, basi. Alisimama siku mbili mbele ya watu waliokuwa na hasira, akawaokolea roho za mji mzima, akapotea. Nilimpenda kwa hilo. Alianza kwa kusema mambo mawili ndiyo adui wa shauri jema, haraka na hasira, nami nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu: mnaona, hasira hasara, hata Wagiriki walilijua hilo.

Lakini nilipoisoma hotuba yake safari hii bila kalamu ya penseli, niliona ilivyo baridi. Diodotus haombi huruma. Anawaambia wasikilizaji waiweke pembeni, wasiulize kama Mytilene ina hatia, waulize kama kuwaua kuna faida kwa Athens. Adhabu ya kifo, anasema, haijawahi kumzuia mtu, kwa sababu tumaini na tamaa humtangulia binadamu na kumwonyesha njia. Mkiwaua wote, kila mji utakaoasi kesho utapigana hadi mwisho, kwa kuwa kusalimu amri hakutakuwa na maana. Na katika kila mji watu wa kawaida ni rafiki zenu. Mkiwaua wale waliowafungulia mlango, mtakuwa mmewapa wakubwa wa kila mji zawadi. Hata kama watu wa kawaida walikosa, anasema, jifanyeni hamkuona.

Zamani niliwaeleza wanafunzi kwamba alikuwa na huruma akaificha, kwa kuwa mkutano ule ungemzomea mwenye huruma. Huenda ni kweli. Cleon alikuwa ametangulia kusema kwamba huruma, mvuto wa maneno matamu na upole ni sumu tatu za dola. Baada ya maneno hayo, ni nani angesimama na machozi?

Kisha nikafika mwisho wa hotuba, kwenye hoja yenyewe aliyotaka ipigiwe kura. Ina sehemu mbili. Wale waliobaki Mytilene waachwe waishi kwao. Na wale waliopelekwa na Paches kama wakosaji wahukumiwe kwa utulivu.

Kwa utulivu.

Niliisoma mara nyingi. Diodotus aliwaombea kesi. Aliwaombea wale elfu kitu kile kile alichouombea mji, yaani muda wa hasira kupoa. Hiyo ndiyo hoja iliyoshinda, kwa mikono ile ile iliyotuma merikebu. Halafu tunasikia wameuawa, na jina lililo kwenye hoja ya kuwaua ni la Cleon, mtu aliyeshindwa.

Kwa ajili ya mji Thucydides alituandikia hotuba mbili ndefu. Kwa ajili ya wale elfu hakuna hotuba. Hasemi kama walisikilizwa. Hasemi kama Diodotus alisimama tena.

Mimi naona, na hapa nazungumza kama mtu aliyekaa kwenye mikutano mingi, kwamba watu walikuwa wamechoka. Walikuwa wametoa rehema kubwa asubuhi ile, na ilikuwa imewagharimu. Mtu akitoka kwenye tendo jema kubwa huhisi ana akiba. Wakamwachia Cleon sehemu yake.

Orodha

Nani aliyeamua kwamba hawa ndio vinara?

Paches, peke yake. Mji uliposalimu amri, wale waliokuwa wameshughulika zaidi na Sparta walikimbilia kwenye madhabahu na kukaa hapo, kama alivyofanya mtu yeyote aliyehofia roho yake katika miji ya Kigiriki. Paches aliwainua kwa ahadi kwamba hatawadhuru, akawaweka kisiwani Tenedos. Baadaye akawapakia pamoja na Salaethus, na pamoja na yeyote mwingine aliyemwona ana mkono katika uasi, akawapeleka Athens. Salaethus aliuawa mara alipofika.

Ahadi za Paches zilikuwa na sura yake. Kiangazi kile kile, mjini Notium, alimwita Hippias, mkuu wa askari wa kukodiwa, atoke ngomeni wazungumze, akamhakikishia kwamba wasipoelewana atamrudisha mzima. Hippias akatoka. Paches akaivamia ngome, akaiteka, akamrudisha Hippias ndani akiwa mzima kama alivyoahidi, kisha akaagiza apigwe mishale.

Mtu huyo ndiye aliyeandika orodha. Hatusikii kwamba kuna aliyesimama Pnyx na kuuliza imeandikwaje. Plutarch, mwandishi wa kale aliyekuja karne nyingi baadaye, anasimulia kwamba Paches mwenyewe, alipokuwa akitoa hesabu ya ujemadari wake mbele ya mahakama ya Athens, alichomoa upanga na kujiua mle mle ndani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelizunguka wiki sita.

Miaka tisa iliyopita, kwenye shule niliyokuwa nafundisha, kidato cha tatu kiligoma. Sababu ilikuwa maharage. Yalikuwa na wadudu, tena kwa wiki tatu, na sisi walimu tulijua kwa kuwa tuliacha kuyala. Siku ya mgomo vioo vya bwalo vilivunjwa. Tukaitwa kikao jioni, tukiwa na hasira na woga, na tukaafikiana kusimamisha kidato kizima, wanafunzi 140.

Kesho yake asubuhi hakuna aliyekuwa na uso. Wazazi wangapi wangeuza nini ili mtoto arudi? Kikao kikarudiwa. Mwalimu mmoja mtu mzima akazungumza vizuri sana, kwa hesabu, kama Diodotus: tukiwafukuza wote tunafunga mkondo, tunakosa ada, tunaingia magazetini. Tukakubali. Wote warudi darasani, ila vinara wafukuzwe.

Orodha ikaletwa. Ilikuwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mistari, majina 12 kwa kalamu ya bluu, moja limekatwa na kuandikwa upya juu yake. Ikapita mkono kwa mkono. Ilipofika kwangu nilitambua majina manne ya watoto waliokuwa wamekwenda ofisini wiki mbili kabla, kwa adabu, kulalamikia chakula. Nilifikiri: labda pia walivunja vioo.

Sikuuliza imeandikwaje. Niliinua mkono.

Tulitoka pale tukishikana mabega. Tulikuwa tumewaokoa watoto 128 na tulijiona watu wa rehema, na ukweli ni kwamba tulikuwa tumewaokoa. Muhula uliofuata nilisimama mbele ya kidato hicho hicho, viti 12 vitupu vikiwa vimeshaondolewa, nikawasimulia habari za Mytilene. Nikaishia kwenye merikebu.

Walinisikiliza kimya kabisa. Nilidhani ni uzuri wa hadithi.

Cleon alipokuwa sahihi

Ni vigumu kumtetea Cleon, na simtetei. Thucydides anamwita mtu mkali kuliko raia wote. Inafaa kukumbuka kwamba Thucydides hakumpenda, na kwamba hotuba tunazosoma ziliandikwa na yeye, kwa kushikilia kiini cha yaliyosemwa na kuweka maneno aliyoona yanafaa.

Hata hivyo kuna sentensi ya Cleon inayonifuata. Aliwaambia watu wa Athens kwamba wamezoea kuwa watazamaji wa maneno na wasikilizaji wa matendo. Hotuba wanaiangalia kama mchezo wa jukwaani, na yaliyotendeka wanayapokea kama habari ya kusimuliwa na mtu mwingine.

Mimi nilikuwa hivyo. Mashindano ya Cleon na Diodotus niliyajua hoja kwa hoja, ningeweza kuyaigiza. Wale elfu niliwasikia tu.

Na jambo jingine: Cleon alikataa katakata kugawanya watu wa Mytilene, wachache wenye hatia na wengi wasio nayo. Alitaka wote wahesabiwe kitu kimoja ili wote wafe. Diodotus ndiye aliyewagawa, na mgawo huo ndio uliookoa mji. Kwa hiyo siwezi kusema kuchambua watu ni kosa. Kama Diodotus asingechambua, kusingekuwa na wa kumwokoa. Lakini ukishachambua, wale uliowatenga wanakuwa wepesi mkononi. Wameshaitwa wabaya hata na mtetezi wa wengine. Atakayesema kwa ajili yao itabidi aanze upya, siku ambayo kila mtu anataka kwenda nyumbani.

Watu wa Mytilene waliobaki hai walibomolewa kuta na kunyang'anywa merikebu. Ardhi ya Lesbos, isipokuwa ya mji wa Methymna uliobaki upande wa Athens, ilikatwa mafungu 3,000. Mafungu 300 yakawekwa wakfu kwa miungu, yaliyobaki yakapewa raia wa Athens kwa kura. Wenyeji wakaendelea kulima ardhi yao wenyewe wakilipa mina mbili za fedha kwa mwaka kwa kila fungu. Hilo nalo sikuwahi kulisimulia.

Wote kwa mkono mmoja

Miaka 21 baadaye, mwaka 406, mkutano ule ule ulikaa kuwahukumu majemadari wanane walioshinda vita vya baharini karibu na visiwa vya Arginusae, tena karibu sana na Lesbos. Kosa lilikuwa kutowaokoa mabaharia waliobaki majini dhoruba ilipoanza. Mtu mmoja, Euryptolemus, aliomba kila mmoja ahukumiwe peke yake. Mwanafalsafa Socrates, aliyekuwa miongoni mwa wasimamizi wa kikao, alikataa kuruhusu kura ya wote kwa pamoja. Hawakusikilizwa. Wote wanane wakahukumiwa kwa kura moja, na sita waliokuwamo mjini wakauawa, akiwemo mtoto wa Pericles. Xenophon, mwanahistoria wa wakati ule, anaandika kwamba haukupita muda watu wakajuta. Merikebu ya pili ingekwenda wapi?

Mwaka uliofuata Athens ilipoteza karibu jeshi lake lote la majini. Merikebu Paralos iliingia bandarini usiku na habari hizo, na kilio kikapanda kutoka Piraeus, bandari ya Athens, kando ya kuta ndefu, mtu akimpasha mwenzake, hadi mjini. Usiku ule hakuna aliyelala. Xenophon anasema waliwalilia waliokufa, na zaidi walijililia wenyewe, wakidhani sasa watatendewa yale waliyowatendea wengine. Anaitaja miji kwa majina: Melos, Histiaea, Scione, Torone, Aegina. Mytilene haimo. Nadhani waliihesabu Mytilene kuwa ni mji waliouhurumia.

Jumamosi

Juzi nilimwita binti wa kaka yangu nikamsimulia upya. Nilimwambia kuhusu madhabahu, ahadi, orodha, na lile neno la Diodotus, kwa utulivu. Aliuliza majina ya wale elfu. Nikamwambia Thucydides hakuandika hata moja. Akauliza, "Hata la mtu mmoja?" Nikamwambia hata la mmoja.

Halafu nikamwambia kuhusu maharage.

Hakusema kitu kwa muda. Kisha akaniuliza kama nayakumbuka yale 12. Nilichukua kalamu. Nikaandika saba, nikakwama.

Saba hayo nimeyatuma kwa mwanafunzi wangu wa zamani aliye kwenye kundi la WhatsApp la mwaka wao. Amenirudishia namba moja. Kijana ana karakana ya kuchomelea, anatengeneza mageti. Nilimpigia Jumamosi saa nne asubuhi. Mashine ya kukata chuma ilikuwa inalia nyuma yake, nikajitambulisha kwa sauti kubwa, mara mbili, jina langu na jina la shule.

Mashine ikazimwa.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

Nilikawia kuitikia.